Mizani ya Mlango wa Kumi na Mbili

Ilipofika saa tano asubuhi, Yadira Bustamante alikuwa ametamka neno "kumi" mara nyingi mno, hata likawa halina maana tena kinywani mwake. Kilo kumi, mama. Kumi tu, kaka. Hapana, na mkoba wa kompyuta nao unahesabiwa. Aliingia kazini, kwenye mlango wa kumi na mbili wa uwanja wa ndege, kabla jua halijachomoza juu ya Tijuana, na ndege ya Oaxaca, ya nne kwa siku hiyo, ndiyo kwanza abiria wake walikuwa wanapanga foleni.

Watu wa foleni ile aliwajua hata kabla hawajafungua midomo. Walivaa sweta juu ya sweta na koti juu ya koti, jasho likiwatiririka, maana nguo iliyo mwilini haipimwi. Mmoja alijaza soksi na chaja mifukoni mpaka suruali ikawa inamshuka. Miezi ya mwanzo Yadira alikuwa akiwacheka kimoyomoyo. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

"Weka begi kwenye mizani, mama," alimwambia aliyekuwa mbele.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mikono minene, nywele zimesukwa msuko mmoja mgongoni. Akaliweka begi. Mizani ikaandika kumi nukta sita.

"Imezidi. Unapunguza au unalipia?"

"Haijazidi, mwanangu."

"Mama, si namba hiyo hapo?"

"Namba naiona, sijapofuka. Mimi naitwa Eulalia Cázares. Mwaka wa thelathini na moja huu nauza chapati za tortilla kwa kilo, na kazi yangu kutwa ni kupima. Begi hili nimelipima jana dukani kwangu, likawa kilo tisa na gramu mia nane. Hii mizani yako inaumwa."

"Lipa, mama, twende zetu!" mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Ndege haisubiri tortilla!"

Watu wakacheka. Doña Eulalia, yaani Bi Eulalia kwa heshima ya kwao, hakugeuza hata shingo. "Wewe mwenye makoti matatu, nyamaza, usije ukazimia hapo tukakubeba. Na wewe umezidi kilo kumi."

Wakacheka zaidi, na mwenye makoti naye akacheka.

Yadira alikuwa na jibu lake tayari, maana kila siku hakosekani mtu wa kusema nyumbani lilikuwa tisa. "Sisi tunafuata mizani ya hapa, mama. Ya nyumbani ni ya nyumbani."

"Sawa. Basi tukaulize ya jirani." Doña Eulalia alionyesha kwa kidevu mlango wa kumi na tatu, ambako kampuni nyingine ilikuwa imemaliza kupakia abiria wa Guadalajara. "Ikisema kumi nukta sita nalipa, na nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Yadira hakujua kwa nini alikubali. Labda ni kwa sababu yule mama hakuwa anapiga kelele, na tangu alfajiri watu walikuwa wamempigia kelele. Walilibeba begi pamoja, kila mmoja na mshikio wake, wakaliweka kwenye mizani ya jirani. Nayeli, msichana wa mlango ule, aliinama kusoma.

"Tisa nukta nane," alisema. Akalinyanyua, akaliweka tena. "Tisa nukta nane, shoga."

Doña Eulalia alishika mshikio wake wa begi, tayari kurudi.

Yadira alisimama pale akimkumbuka mwanamume wa ndege ya alfajiri hiyo, nayo ya Oaxaca. Agripino Xolo, ndivyo tiketi yake ilivyosema. Alikuwa amerudishwa na uhamiaji kutoka ng'ambo ya mpaka siku mbili nyuma, baada ya miaka kumi na tisa ya kuezeka mapaa ya watu, na alichobaki nacho chote kilikuwa ndani ya begi moja. Mizani ilisema kumi nukta saba. Hakuwa na cha kulipia. Hakubishana wala hakulalamika. Alipiga magoti sakafuni, akatoa mabuti yake ya kazi, akafuta vumbi kwenye ncha kwa kiganja, akayaweka ndani ya pipa la taka kwa uangalifu, kana kwamba anayalaza. Kisha akasema, "Asante, dada," akaenda kupanda ndege.

Alisema asante.

Waliporudi, msimamizi Ornelas alikuwa amesimama kando ya kaunta, tai imelegea, anatazama saa.

"Kuna nini? Mbona foleni imesimama?"

"Mizani inadanganya, bosi. Inazidisha."

Ornelas alishusha sauti. "Najua. Fundi ameshaitwa. Anakuja Alhamisi."

"Umejua tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Yadira, usinianzishie mambo. Mimi pia nina wakubwa wangu. Pima watu, ndege iondoke."

"Nipime na nini?"

"Na hiyo hiyo."

Hakuwa mtu mbaya, Ornelas. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alikuwa hajakaa tangu alfajiri. Yadira alimtazama kidogo, kisha akainama, akachomoa waya wa mizani ukutani, akauzungusha mkononi kama mtu anayekunja kamba ya nguo.

"Piteni," aliiambia foleni.

"Hata mimi?" aliuliza mwenye makoti.

"Wote. Na uvue hayo makoti, kaka, unanitia joto."

"Utaandika maelezo," Ornelas alisema.

"Nitaandika."

Doña Eulalia, aliyekuwa amejiweka kando, alipita wa mwisho. Hakushukuru. Aliuliza tu, "Umekula?"

"Bado, mama."

Akafungua begi, akatoa furushi la tortilla lililofungwa kwa kitambaa, bado ni laini. "Kula. Ni nusu kilo kamili. Ukibisha, nenda kapime kwa jirani."

Mlango ulipofungwa, Yadira aliyatoa mabuti pipani, akayafunga kwa mkanda wa gundi, akaandika jina la Agripino Xolo na kumpa mhudumu wa ndege ya mchana ya Oaxaca. Siku ya pili wenzake wa Oaxaca walimwambia kuwa mwenye mabuti alipigiwa simu, akaja, akavaa palepale, akaondoka.

Maelezo aliandika kurasa mbili. Fundi alikuja Alhamisi ile, akafungua mizani kwa dakika ishirini, akabandika karatasi ya kijani, na Ijumaa msichana mwingine alikuwa anasema kilo kumi, mama, kumi tu. Waliotozwa zile wiki tatu hawakuambiwa lolote. Yadira alihamishiwa ofisi ya mizigo iliyopotea, chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido, chenye simu mbili.

Simu ya kwanza ililia kabla hajavua koti.

"Begi langu halikufika," alisema mwanamume mmoja. "Nimesubiri tangu jana."

"Pole sana, baba. Likoje?"

"Jeusi. Lina magurudumu."

Yadira alichukua kalamu. Ukutani nyuma yake yalikuwepo mabegi arobaini hivi, karibu yote meusi, karibu yote yana magurudumu.

"Haya," alisema. "Niambie ndani mna nini. Taratibu tu, kimoja baada ya kingine."