Sakafu ya Gari la Harusi

Sababu niliyompa mke wangu Sanda ya kununua mashine ya kuchomelea ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ya kweli. Nilimweleza kwamba fundi hulipwa na kuondoka, ilhali mashine hubaki nyumbani. Sanda alisema kwamba hata unyevu hubaki nyumbani, akaendelea kumenya viazi.

Gari lenyewe ni Dacia ya marehemu baba mkwe wangu. Binti yetu Ilinca alitaka kupelekwa kanisani ndani yake siku ya harusi yake, mwezi Septemba. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeila sakafu kiasi kwamba, ukiinua zulia la nyuma, uliona nyasi. Hapo nyuma ndipo angeketi bibi harusi.

Hapa mjini kwetu Mediaș yuko fundi Gelu, ambaye hushona bati jembamba kwa moto mpaka usione mshono. Lakini yuko pia mzee Nistor, aliyesimamia ndoa yetu na kumbeba Ilinca siku ya ubatizo, na ambaye kila mwaka kabla ya Kwaresima tunampelekea mkate wa kusokotwa na chupa ya divai. Nistor alichomelea mabehewa kwa miaka arobaini. Chuma cha behewa ni kinene kama kidole. Lango letu ni kazi yake. Kwa miaka ishirini na saba halijatikiswa na upepo, wala Sanda hajaweza kulifungua peke yake. Akipewa bati la gari, Nistor hulitoboa, kisha huliziba tundu kwa kutoboa jingine.

Kumwita Nistor kulikuwa kuihatarisha sakafu. Kumwita Gelu, huku msimamizi wetu naye ni fundi wa kuchomelea, kulikuwa kuutangazia mtaa mzima kwamba mzee hafai, na sijawahi kuona undugu wa namna hiyo ukirudi baada ya kuvunjwa. Kununua mashine hakukumtusi yeyote. Wazimu wa mwalimu mstaafu wa historia kama mimi husamehewa haraka.

Nilijifunza kwa wiki tatu. Jumapili ya nne, baada ya ibada, Nistor aliingia uani na suti yake ya kanisani.

"Nasikia tumepata fundi mpya," alisema. Aliokota bisibisi, akainama kwenye mlango wa nyuma wa gari. "Hii ni nini, mwanangu?"

"Kiraka."

"Kwamba ni kiraka naona. Nauliza ni nini."

Alikisukuma kwa ncha ya bisibisi. Kilianguka chini ya gari bila ubishi.

"Ungemkalisha mtoto hapa?"

Niliinama kukiokota kile kiraka.

"Mbona hukuniita?"

"Nilipiga hesabu, baba msimamizi. Fundi hulipwa akaondoka, lakini mashine…"

"Hesabu hiyo kamwambie Sanda."

"Nimemwambia."

"Akaikubali?"

"Hapana."

"Basi nyumba hii ina mtu mwenye akili. Na Gelu je? Yeye mbona hukumwita?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine yote isipokuwa hilo.

"Kwa sababu aliyesimamia ndoa yangu ni wewe," nilisema.

Nistor aliketi juu ya tairi la akiba, akaigeuzageuza ile bisibisi.

"Gari langu mimi, unadhani huchomelewa na nani?"

"Na wewe mwenyewe."

"Na Gelu. Huu mwaka wa tisa. Mimi hulipitisha kule nyuma ya makaburi, usije ukaniona."

"Kwa nini?"

"Ungeanza kulikagua lile lango."

Kwa miaka thelathini na minne nilifundisha jinsi mataifa yalivyojitaabisha kulinda jambo ambalo hakuna aliyeliamini tena. Nililiita upumbavu, na wanafunzi wakaliandika hivyo. Haikunijia akilini kwamba watu huweza kulifanya kwa kupendana.

Jumatatu saa tano asubuhi tuliifunga Dacia kwa kamba nyuma ya gari lake. Nilipendekeza njia ya makaburini. Nistor alikataa, akatuburuta kwa mwendo wa maziko kupitia barabara kuu, mbele ya duka la mikate na benchi la wastaafu wenzake, akimpungia mkono kila aliyetutazama.

Gelu alilala chini ya gari kwa muda mrefu. Alipotoka alijipangusa mikono, akawa kama mtu anayetafuta maneno ya heshima asiyapate.

"Viraka hivi kaviweka nani?"

Nilifungua kinywa.

"Mimi," alisema Nistor.

Gelu aliamini papo hapo, na nilimwona mzee akilimeza hilo pia.

Ilinca alifika kanisani, na miguu yake ilikuwa ndani ya gari. Kabla ya Kwaresima iliyofuata tulimpelekea Nistor mikate miwili. Aliitazama, hakuuliza wa pili ni wa nini, akaiweka yote mezani.