Raelene wa Dakika Tatu

Jumapili ya ushuhuda ilianza kama kawaida katika Kanisa la Upeo, nje kidogo ya Ipswich, ndani ya ghala lililokuwa zamani likiuza mazulia. Saa nyekundu kwenye ukuta wa nyuma ilihesabu kurudi nyuma kuanzia dakika sabini, maana magari ya ibada ya kwanza yalipaswa kutoka kabla ya magari ya ibada ya pili kuingia. Nyimbo nne, matangazo, ushuhuda wa dakika tatu, sadaka, mahubiri. Roho Mtakatifu alitengewa dakika sita za mwisho, kinanda kikipigwa taratibu.

Ushuhuda ulikuwa wa Raelene Duggan, mwoka mikate wa duka kubwa la pale mtaani. Miezi minne nyuma mwanawe Callan, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekufa kwa ajali ya pikipiki. Raelene alizungumza mbele ya kamera dakika arobaini. Trudi, mtengenezaji wa video za kanisa, alizipunguza zikawa tatu. Aliondoa jina la Callan kwa sababu liligongana na muziki. Aliondoa pia maneno ambayo Raelene aliyarudia mara tano: "Lakini bado sijapona."

Raelene alijitazama akiwa safu ya kumi na nne. Kwenye skrini, ndani ya blauzi yake ya kijani, alikuwa akisema, "Nilidhani nimekwisha. Lakini Mungu ni mwema. Leo nimesimama." Video ikaisha, taa zikawaka, na mwanamke wa kwenye skrini akabaki jukwaani. Alishuka ngazi na kusimama kwenye zulia. Alikuwa mrefu kidogo kuliko Raelene, na chini ya macho hakuwa na kivuli, kazi ya taa za Trudi.

"Tumpigie makofi Rae wetu!" alisema mchungaji, ambaye kila mtu alimwita Brodie tu. Watu wakapiga makofi. Sadaka ikafuata, tena kwa wakati.

Baada ya ibada watu walimzunguka yule wa skrini, vikombe vya karatasi mikononi.

"Rae, mpenzi, umeniliza mpaka wanja umenichuruzika!"

"Leo nimesimama," akajibu yeye.

Raelene alikuwa amesimama karibu na meza ya maziwa ya chai. Trudi alimfuata.

"Umetoka bomba, eh?"

"Umeliondoa jina la Callan."

"Lilikuwa linagongana na muziki, mpenzi. Ningepewa dakika nne ningeliacha. Unamjua Brodie na saa yake."

Wiki hiyo sinia za tambi za kuoka, ambazo waumini walimpikia tangu msiba, ziliacha kuletwa nyumbani kwa Raelene, kwa kuwa alikuwa amepona. Yule wa skrini aliwekwa kwenye ratiba: mlangoni kila Jumapili, maombi Jumatano, chai ya akina mama mara moja kwa mwezi. Hakuhitaji kufuatwa kwa gari. Wapanga viti walimkuta stoo kila asubuhi, tayari anatabasamu, na walimwomba asogee kidogo watoe viti.

Baadaye Brodie alipiga simu.

"Rae, ungekaa nyuma kidogo? Nyuma kabisa, kwa kweli. Watu wanachanganyikiwa."

Raelene alisema sawa. Aligundua kwamba hakuumia. Hilo lilimtisha, na baada ya siku chache halikumtisha tena. Alioka mikate, akaipanga, akarudi nyumbani. Alikuwa na ganzi, na ganzi haimzuii mtu kufanya kazi.

Mwaka mmoja tangu kifo cha Callan ulitimia siku ya Jumapili. Raelene alimkuta Brodie nyuma ya jukwaa anafungiwa kipaza sauti.

"Nina ombi moja. Litaje jina lake pale mbele. Callan Duggan. Sekunde mbili tu."

Brodie alimshika bega. Hakuwa mtu mbaya. "Ningependa, kweli. Ila asubuhi hii nimekuuliza pale mlangoni unaendeleaje, ukaniambia umesimama."

"Yule si mimi, Brodie."

"Najua, mpenzi," alisema kwa upole. "Lakini watu wanamjua yeye."

Jina halikutajwa. Jumapili iliyofuata Raelene aliingia kwa mlango wa wageni. Meza ya wageni ilikuwa na Murray, fundi bomba mstaafu aliyehamia kutoka Toowoomba majira ya baridi.

"Mara yako ya kwanza, dada?"

"Ndiyo."

Murray alimpa kahawa kwenye kikombe cha udongo, kwa kuwa vikombe vya udongo ni vya wageni, akamvutia kiti. "Basi niambie. Kipi kimekuleta?"

"Nilikuwa na mtoto. Anaitwa Callan. Amekufa. Bado sijapona."

Murray aliweka kalamu chini. "Masikini wee," alisema, macho yamemjaa machozi, akaushika mkono wake. Raelene alihisi vidole vyake mwenyewe vikiuma, kama vinavyouma ganzi ikimwachia mtu aliyetoka kwenye chumba cha barafu. Alifurahi. Akafungua mdomo amweleze jinsi Callan alivyokuwa akiacha buti zake mlangoni.

"Usiondoke, mpenzi," Murray alisema akiinuka haraka. "Kuna mama mmoja hapa yamemkuta haya haya, naye kapona kabisa. Ngoja nikuitie."

Akaja, ndani ya blauzi ya kijani. Aliketi kwenye kiti cha Murray, akaelekeza macho juu kidogo ya paji la uso la Raelene, mahali ilipokuwa kamera ya Trudi siku ile, na akaanza. Raelene alimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, Raelene alimwambia asante, kama wageni wote wanavyomwambia.