Vibuyu vya Mama Jerop

"Yeyo, sherehe niliyoipanga mimi na Naftaly haiharibiki, hata mvua ya mawe ije kama mgeni wa heshima!" Kimaiyo alijigonga kifua. "Vibuyu vyako vitarudi vitupu. Wazee watalamba mpaka vifuniko."

Mama yake, Jerop, hakucheka. Alikuwa akifuta vibuyu vitatu vya mursik, maziwa yaliyolala ndani na unga wa mkaa mpaka yakashika rangi ya wingu la mvua. Tangu goti lake liharibike alikuwa haendi mbali na nyumba, lakini maziwa yake yaliwatembelea watu. Hapo Solai, baraka bila kibuyu cha Mama Jerop ilikuwa kama harusi bila bibi harusi.

"Huyo rafiki yako anaongea kama redio," alisema. "Na redio haisikii."

"Yeyo, shuleni tulilala kitanda kimoja. Mimi nikipiga chafya, yeye anapangusa pua."

Mama akaguna, akamwachia vibuyu.

Chama kipya cha maziwa cha Bahati, kijiji jirani, kilikuwa na mwenyekiti, muhuri na lori la kukodi. Kitu kilichokosekana ni maziwa. Waanzilishi walikuwa wakulima wa pareto wenye ng'ombe mmoja mmoja, na bila wafugaji wa Solai lori lingebeba upepo hadi Nakuru. Ndipo mwenyekiti, Mzee Gachanja, akawapa Naftaly wa Bahati na Kimaiyo wa Solai, vijana wawili wenye masomo na midomo, kazi ya kuandaa sherehe ya kuwakaribisha wazee wa Solai.

Wakahangaika kweli. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari ya mkoloni, watu hawakuruhusiwa kukusanyika hata kwa kula viazi bila karatasi ya D.O., afisa wa tarafa, na karatasi hiyo ilimlia Kimaiyo soli za viatu. Naftaly akaazima benchi za kanisa, sufuria za harusi na maturubai. Akamkaribisha Bwana Shamba wa serikali pamoja na mpiga picha wa mjini.

"Bado jambo moja," Kimaiyo alimwambia. "Wazee wetu hawachanganyi nyama na maziwa siku moja."

"Hata kidogo? Sisi tunachanganya, tena tunatia viazi."

"Naftaly, hapo sichezi. Mzee akishakula nyama, maziwa hayagusi mpaka kesho."

"Sawa, mkubwa. Watakunywa maziwa ya baraka kwanza. Nyama yao tutaifunga mbichi kwa majani, wabebe nyumbani. Nikisahau, nichinjeni mimi."

Wakapeana mkono, na Kimaiyo akaenda zake akipiga mluzi.

Siku yenyewe, jua lilipopanda, Landrova ya Bwana Shamba ikakwama kwenye matope ya mto. Wanaume wakaitwa kwenda kusukuma.

"Nenda tu," Naftaly alisema. "Huku niko mimi."

Kimaiyo alirudi akiwa na matope hadi mashavuni. Kabla hajafika uwanjani, pua ilishampa habari. Pale mbele, kwenye benchi za kanisa, wazee wa Solai walikuwa wakimalizia mbavu. Vibuyu vitatu vilikuwa chini ya meza, vingali na vifuniko vyake.

"Umefanya nini?"

"Watu walikuwa wanapiga miayo!" Naftaly alinong'ona. "Ningewaimbia? Hebu toa maziwa upesi, mpiga picha yuko tayari."

"Wamekula nyama, Naftaly."

"Si waonje kidogo tu. Ya picha."

Kisha akanyakua kipaza sauti cha bati. "Na sasa wazee wetu wa Solai watatubariki kwa maziwa!"

Msemaji wao, Mzee Kipchoge, aliangalia mafuta kwenye vidole vyake. Akaangalia kibuyu. Akamwangalia Kimaiyo, muda mrefu. Kisha akapangusa mikono kwenye nyasi, akachukua fimbo, na wenzake wakamfuata.

"Nani alipanga hivi?" Mzee Gachanja aliuliza.

Naftaly hakupepesa jicho. "Mambo ya Solai yalikuwa mikononi mwa Kimaiyo. Mimi hakuniambia kitu, mzee."

Kimaiyo, aliyeweza kuchekesha hadi askari wa vizuizi vya barabarani, alipangusa matope mdomoni. Alisimama akimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja shuleni, na yule mtu alikuwa akitazama kamera.

Mbaya zaidi, sherehe ilifana. Bwana Shamba alipiga makofi, kwaya iliimba, watu wakambeba Naftaly mabegani. Kimaiyo alivifunga vibuyu juu ya punda akashika njia.

Vilikuwa vizito kama asubuhi. Kila hatua aliisikia ile "redio haisikii." Angemwambiaje? Kwamba maziwa yake yamekataliwa mbele ya wageni, na aliyeyaaibisha ni yule yule rafiki aliyemtetea? Kwenye kijito akasimama. Kwao maziwa hayamwagwi. Yakimwagika kwa bahati mbaya, mtu huomba radhi. Kimaiyo alifungua vifuniko kimoja kimoja akamwaga, na kijito kikaenda kijivu. Punda aligeuza uso.

"Walikunywa?" mama aliuliza jioni, akivipima vibuyu mkononi.

"Walilamba vifuniko."

Hapo Mama Jerop alicheka, cheko la msichana. "Na Kipchoge, yule mchaguzi?"

"Huyo alirudia, Yeyo."

Akavisafisha vibuyu akiimba, akaviinamisha juu ya kichanja.

Asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, fimbo ziligonga mlangoni. Ni Mzee Kipchoge na wazee wenzake.

"Mama Jerop, jana tuliaibika," alisema akijikalisha kwenye kigoda. "Wale watu walitutangulizia nyama, tukadhani maziwa hayapo. Lakini maziwa yako hayana kosa, wala kijana wako, tulimwona uso. Basi nyama imeshashuka. Tumekuja kunywa hapa hapa, na tukishakunywa, tutaingia kwenye chama chake."

Mama Jerop aliangalia vibuyu vyake pale juu ya kichanja, vimeinama, vikavu. Akamgeukia mwanawe.

"Si ulisema alirudia?"

"Nani, mimi?" Mzee Kipchoge aliuliza, mkono tayari umenyooka kupokea kikombe.