Kiingereza cha Wakwe

Kiingereza nilikuwa nakijua, asikudanganye mtu. Nilijifunzia mgodini, kwenye redio ya mawasiliano ya lori, miaka yote niliyoendesha lori la mawe. Tatizo ni kwamba mwalimu wangu alikuwa msimamizi wa zamu, na yule bwana hakuwa na sentensi isiyo na tusi. Mwaka jana nilipoomba kazi ya kuongoza malori kutoka chumba cha mawasiliano, niliwajibu wasaili kwa lugha hiyohiyo. Walicheka hadi wakafuta machozi. Kazi akapewa mtu mwingine, mimi nikarudi kwenye lori na mgongo ambao daktari alishasema hautavumilia zaidi. Iliniuma sana, nikaapa kurudi.

Nafasi ilipotangazwa tena, nilikwenda mtaa wa Nyasubi kwa Bi Zuhra, katibu muhtasi mstaafu, aninyooshee Kiingereza. Alinisikiliza kidogo tu, akashika kichwa.

"Mama Noela, mbele ya baba mkwe wako unasema 'lete chumvi'?"

"Thubutu! Napiga magoti kwanza, naomba kwa sauti ya chini."

"Basi Kiingereza nacho kina wakwe zake. Ofisini ndiko wanakokaa."

Hapo nikaelewa. Kila nilipotoka zamu nilipitia kwake. "Nataka" ikawa "ningependa". "Sijui" ikawa "naomba nifuatilie, nitakujulisha". Ulimi uligoma, nikaulazimisha. Baba Noela alilalamika kwamba hata chumba cha kulala sasa kimekuwa ofisi. Nikamwambia avumilie.

Usaili wote ulikuwa kwa Kiingereza, na ulikwenda vizuri hadi swali la mwisho. Aliuliza mkuu wa kitengo, Bwana Herman.

"Dereva anaingia eneo linalokaribia kulipuliwa. Mwambie."

Maneno ya Bi Zuhra yalinijaa mdomoni, yote mazuri, yote marefu. Nikayameza.

"Simama! Usisogee!" nilipaza sauti kwa Kiingereza cha lori, tusi tu nikaliacha. Bwana Herman alishtuka, chai ikammwagikia.

Akanikazia macho. "Mwaka jana lugha hiyo ilikukosesha kazi."

"Ni kweli kabisa, mkuu," nilijibu, sasa kwa lugha ya wakwe. "Lakini naomba niseme jambo moja. Baba mkwe akitaka kukanyaga nyoka, sitaanza kwa kupiga magoti."

Safari hii hakucheka mtu. Bwana Herman alifuta shati lake, akauliza ninaweza kuanza lini.

"Ningependa kuanza hata kesho," nilisema, na kidogo nimpigie magoti.