Kiti cha Bibiane

Bibiane alikuwa kwenye kiti cha kusafishia damu hospitalini Liverpool, kitongoji cha Sydney, Australia, mkono wa kushoto ukiwa umeungwa na mashine kwa mipira ya kupitishia damu, wa kulia ukishika simu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuwa hapo, tangu figo zake zilipogoma. Kwa sababu ya kiti hicho alikuwa hajatoka Sydney kwa miaka. Sasa binti yake Aksanti, aliyeolewa Toowoomba, kule Queensland, alikuwa na mimba ya kwanza, na Bibiane alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatalea kichanga peke yake kama mtu asiye na mama.

Mumewe Murhula, dereva wa lori la makontena pale bandarini Port Botany, alikuwa amekataa katakata. "Mtoto utamuona kwa video," alisema, akatoka kwenda kazini.

Bibiane akafungua ile programu ya akili bandia ambayo vijana wa kanisani walimwekea kwenye simu.

"Nataka kwenda Toowoomba majuma matatu," aliiambia kwa sauti ya chini. "Nipangie kila kitu. Lakini mimi ni mtu wa mashine ya figo."

Msaidizi huyo alimjibu kwa Kiswahili safi kama cha redioni. "Basi tuanze na kiti cha kusafishia damu huko uendako. Tukikipata, tiketi na mengine yatafuata. Tukikikosa, nisikudanganye kwamba safari ipo."

Neno hilo lilimpendeza. Siku zilizofuata walipanga pamoja: barua ya daktari, vipimo vipya vya damu, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kiti cha magurudumu uwanja wa ndege. Msaidizi alisema kliniki ya Toowoomba hupokea wageni. Bibiane akapiga simu mwenyewe. Wakamwambia wamejaa, labda mwakani.

"Uliniambia wanapokea wageni," alimlalamikia.

"Nilisoma hivyo kwenye tovuti yao. Sikuwa na njia ya kujua kama kuna nafasi, na nilipaswa kukuambia hivyo tangu mwanzo. Samahani."

"Na nikiruka siku moja moja za mashine?"

"Hilo siwezi kukupangia, ni hatari kwa maisha yako. Ongea kwanza na nesi wako."

Bibiane aliifudikiza simu mapajani, amekasirika. Lakini alijua. Mwaka uliopita alikuwa ameruka siku moja kwa ajili ya msiba, maji yakamjaa mapafuni, Murhula akamkuta sebuleni akihema kama mtu anayezama. Ndiyo maana mwanaume huyo hakutaka kusikia habari za safari.

Hasira ilipopoa akaigeuza simu. "Haya, tafuta miji ya jirani yenye kliniki. Yote. Nitaipigia mmoja mmoja."

Mji wa kwanza ulikataa. Wa pili hawakupokea simu. Wa tatu, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka kwa Aksanti, walikuwa na kiti Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku hazikulingana na zake, kwa hiyo alimwendea Diane, nesi mkuu wa Liverpool, na mpango mzima ukiwa umechapishwa. Diane aliusoma, akaurudia, akamuuliza ni nani aliyepanga haya yote.

"Ni mimi," Bibiane alisema. "Simu imenisaidia kuandika."

Diane akakubali kumhamishia siku zake, kuanzia wiki moja kabla ya safari, ili zilingane na za huko.

Jioni hiyo aliziweka karatasi mbele ya Murhula alipokuwa akila. Alisoma polepole, kijiko mkononi.

"Na kule nani atakuendesha mpaka kliniki, Mama Aksanti?"

"Mke wa mchungaji wao amekubali."

"Yeye anajua namna unabadilika rangi ukitoka kwenye mashine?"

Murhula akasukuma sahani kando. "Likizo yangu iko nalala kule kazini tangu mwaka juzi. Ambia hiyo simu yako, tiketi zikuwe mbili."

Wakaenda. Siku mbili za kwanza za kliniki zilipita vizuri, Murhula akiendesha gari la mkwe wao Trésor. Ya tatu, mashine ikiwa katikati ya kazi, Trésor akapiga simu: uchungu wa Aksanti umeanza kabla ya wakati, na unakwenda kasi.

"Niwaambie wakufungue?" Murhula aliuliza.

Bibiane aliitazama damu yake ikizunguka kwenye mipira. Alitamani kusema ndiyo. "Hapana," alisema. "Nikitoka sasa nitamletea mgonjwa mwingine. Nitamaliza."

Alimaliza, machozi yakimtoka bila sauti. Hakuwa amefunguliwa bado Trésor alipopiga tena, na safari hii aliyesikika ni mtoto.

Walifika hospitali alikojifungulia jua likielekea kuzama. Aksanti alikuwa amelala ubavu, amechoka.

"Mama, umechelewa."

"Nimechelewa," Bibiane alisema. "Lakini nimekuja kukaa."

Akanawa mikono, akaketi kando ya kitanda, akampokea mjukuu wake wa kike kwa mkono wa kulia, ule usio na bandeji. Kisha akamtuma Murhula akatafute maji ya moto ya kumkanda mzazi.