Asali Si Maji

"Mama Mektilda, ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini," karani wa vifurushi aliniambia huku akijaza fomu ya mzigo wangu wa kwenda Marekani. "Wao wanataka paundi. Zidisha kwa mbili nukta mbili, unapata arobaini na nne. Saini hapa."

"Sisaini."

"Lita moja ni kilo moja, mama. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

"Lita ya maji! Hii ni asali, nimeibeba mwenyewe kichwani. Lete mzani."

"Mzani uko stoo, na foleni unaiona."

"Foleni itangoja. Mwezi jana uliandika hivi hivi, ndoo yangu ikarudishwa kutoka Dar kwa sababu fomu na mzani havikukubaliana. Aliyeitwa tapeli ni mimi, si wewe."

Watu nyuma yangu waliguna. Nikaikalia ndoo yangu katikati ya mlango, nikakunja mikono.

Mzani ukaja. Kilo ishirini na tisa. Karani akabonyeza kikokotoo cha simu yake, akarudia tena, kisha akafuta arobaini na nne na kuandika sitini na nne.

"Ulijuaje bila kupima?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi," nikamjibu, nikachukua kalamu. "Alibeba frasila mbili, kama kilo thelathini na mbili, kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Karani wa msafara aliandika alivyopenda. Bega ndilo lililojua."