Mke Mwenza Ndani ya Kaburi

Bibi yangu Kandida alikufa Jumanne saa nne asubuhi, katikati ya kunigombeza. Uji ulikuwa mwepesi, alisema, uji wa wafungwa. Kisha akanyamaza, akanitazama kama anayetafuta tusi zuri zaidi, na hakulipata. Mimi naitwa Violeth, nina miaka kumi na sita, na mpaka leo nasema uji ule haukuwa mwepesi.

Nikisema hivi msinione sina adabu. Kwetu mjukuu na bibi ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, maana wote wawili tunahesabiwa wake za babu, hata kama babu mwenyewe yuko mchangani tangu sijazaliwa. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi. Kwa hiyo mdogo wangu Fidel, mwenye miaka tisa na meno mawili ya mbele yaliyopishana, Jumanne ile alikuwa mgane. Na msibani mtani ana kazi yake. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anafoka kama marehemu, mpaka waombolezaji wacheke huku kamasi zinawachuruzika. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani msibani, watu watakushangaa wewe.

Basi nikavaa gauni la Bibi, nikajitanda kanga yake, nikashika fimbo yake, nikazunguka uani kwetu Lipangalala, hapa Ifakara, nikiwakoromea watu. Niliwaambia wapishi wali una mawe, na kwamba mimi nikiwa hai nilipepeta vizuri. Nilimwuliza jirani mmoja kinu changu alichoazima tangu mwaka juzi kinarudi lini, au anangoja nifufuke nikifuate. Kinu kilirudi jioni ile ile. Fidel naye aliulizwa na akina mama kama ataoa tena. Akasema ataoa, lakini ale kwanza.

Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nikienda nyuma ya choo nalia mpaka tumbo linauma, halafu nanawa uso narudi kufoka.

Hatukuwa na mtu mwingine, ndiyo habari yenyewe. Mama yetu alifariki Fidel akiwa hajaanza kutambaa. Baba alikwenda Tunduma kutafuta maisha, na naona bado anayatafuta. Alikuwepo Bibi tu. Na Fidel ana kifafa. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na hata hivyo anaanguka. Mimi namjua: akianza kuchezea kifungo cha shati huku anaangalia pasipo na kitu, nina kama dakika moja ya kumlaza ubavu na kumwondolea kila kitu karibu yake. Mtaani kwetu alikuwepo binti mwenye ugonjwa huo huo, Mwanabaraka, alikuwa peke yake jikoni siku alipoanguka. Sisemi zaidi.

Mjomba Polikarpo, mtoto wa pekee wa kiume wa Bibi, alifika Jumatano jioni. Anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu. Kidatu si Ulaya. Ukipanda basi asubuhi, mchana unakula Ifakara. Nilikuwa nimempigia simu tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia, nikamwambia Bibi ana hali mbaya na anamuulizia. Akasema yuko shifti, atakuja Jumamosi. Jumamosi akasema Jumatatu. Jumatatu simu yake haikupatikana. Alipoingia uani na begi lake, akaanguka chini analia, akina mama wakamwinua wakamfuta. Nilimwangalia nikasema moyoni, lia tu, machozi hayana nauli.

Alhamisi ndiyo siku ya kuzika. Asubuhi yake wakubwa walikaa kikao ndani, Mjomba na mama mdogo Teddy wa Lupiro. Mimi nilikuwa nje dirishani nachochea moto wa chai, na dirisha letu ni wavu tu. Nikasikia tunagawanywa. Fidel angekwenda Kidatu kwa Mjomba, kwa sababu kuna shule nzuri na zahanati iko jirani. Mimi ningekwenda Lupiro kwa mama mdogo, kwa sababu mpunga unakaribia kuiva na ndege hawajifukuzi. Nyumba ingepangishwa.

Wala hawakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Walisema kwa huruma, mama mdogo akipenga kamasi. Lakini Mjomba anaishi peke yake kwenye chumba kimoja, anaondoka alfajiri kwenda shambani. Fidel angeamka na nani? Angepika uji kwenye jiko la mkaa na nani karibu yake?

Nikaingia na chai nikasema hivyo hivyo. Mama mdogo akaniambia kwa upole kwamba watoto hawakai kwenye kikao cha wakubwa, na nikitoka nirudishe mlango. Asiyekuwepo na lake halipo. Nikaurudisha mlango.

Tulifika makaburini saa nane mchana. Ilikuwa masika, na Ifakara wakati wa masika ukichimba hujui kama unachimba kaburi au kisima. Vijana walikuwa wanateka maji kwa ndoo tangu asubuhi. Mzee Dionisi ndiye aliyesimamia uchimbaji. Yeye ni Mngoni, na Wangoni ni watani wetu sisi Wapogoro, kwa hiyo kaburi lilipokwisha alilala ndani yake na kugoma kutoka mpaka apewe kitu, kama ilivyo desturi. Alipewa jogoo, akatoka akijikung'uta matope na kulalamika kwamba kitanda ni cha baridi. Jeneza lilikuwa limeshawekwa pembeni. Katekista akafungua kitabu.

Hapo nikaruka mimi.

Nilitua kwenye maji ya kifundoni. Nikalala chali na gauni la Bibi, maji yakanifika masikioni, nikaweka mikono kifuani. Huko juu kikazuka kicheko kikubwa, maana hakuna aliyewahi kuona mke mwenza akimtangulia mwenzake. Katekista alifunga kitabu na kutazama mawingu.

Nikatoa sauti ya Bibi, ile ya kuita kuku na kulaani serikali. "Polikarpo! Njoo hapa nikuone."

Watu wakazidi kucheka. Mama mdogo Teddy akasema nipewe jogoo mwingine tuendelee. Nikamjibu mimi nimekufa, jogoo nitamla na nani. Nikasema nasikia wajukuu zangu wamegawanywa kama nyama ya mbuzi, mmoja Kidatu, mmoja Lupiro, na mimi hata sijafukiwa. Nikasema Fidel anaanguka, na anayejua kumshika ni mke mwenzangu Violeth peke yake. Kwa hiyo nyumba atakayolala Fidel, Violeth alale humo humo. Bila jibu sitoki, wakamzike mtu mwingine.

Kicheko kikapungua. Nikaona uso wa Mjomba ukingoni.

"Violeth, inatosha," alisema. "Toka."

Nikamjibu kwamba hapa hakuna Violeth, hapa yupo mama yake.

Ndipo ukuta wa upande wa miguuni ukaachia. Sikusikia kishindo, nilisikia uzito tu, udongo mweusi umenifunika mpaka mapajani, na maji yakapanda yakanigusa pembe za mdomo. Nilijaribu kuvuta mguu, haukuja. Mzee Dionisi alianza kupiga kelele kwamba upande wa pili nao umepasuka, nitolewe sasa hivi. Nikanyanyua shingo nipate hewa. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka nikakojoa, na kwa bahati nzuri maji hayasemi. Mtu akaninyooshea mkono. Nikaukataa. Nilijua nikiushika mkono ule, kesho Fidel yuko kwenye basi.

Fidel mwenyewe alikuwa amesimama ukingoni na koti la babu linaloburuza chini, koti la mgane. Siku tatu alikuwa amefanya mzaha kuliko sisi wote. Sasa kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

"Mjomba," alisema, "mke wangu anakuongelesha. Mjibu."

Hakuna aliyecheka. Mjomba Polikarpo alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya msibani. Akainama mpaka uso wake ukawa juu ya wangu. Alinitazama, lakini hakuniona mimi. Aliliona gauni, akaiona kanga.

"Nimekubali, mama," alisema. "Watakuja kwangu wote wawili. Sitawatenganisha."

Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Nikanyoosha mkono. Hakuushika.

"Mama," alisema, sasa kwa sauti ndogo, "uliniulizia?"

Mnajua, jibu hilo nilikuwa nimelitunza kwa ajili yake tangu Jumanne. Nililinoa kila nilipokwenda nyuma ya choo. Nilipanga nimwambie siku moja mbele ya watu, limkate asitembee tena wima. Na sasa ananiuliza mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, na mtani hakasirikiwi.

"Nilikuulizia," nikasema. "Kila basi lililopiga honi barabarani nilimtuma Violeth akaangalie."

Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akasema, nisamehe mama. Akarudia, na akarudia. Udongo ulikuwa unadondoka vipande vipande karibu ya sikio langu, na Mzee Dionisi ananisihi mimi na kumsihi yeye. Nikajiuliza Bibi angesema nini. Si mimi, Bibi. Na nilijua, ndiyo taabu yake. Bibi angemtukana kwanza, kisha angemsamehe, kisha angemuuliza kama amekula. Alikuwa dhaifu kwa mtoto wake huyu mpaka ananikera.

"Nimekusamehe, mpumbavu wewe," nikasema. "Sasa nitoe, nakunywa maji."

Alishuka mwenyewe. Alichimba kwa mikono, mguu ukaachia, akanisukuma juu kwa Mzee Dionisi kisha naye akavutwa. Ule ukuta wa pili ulianguka kabla hatujasimama vizuri, na vijana wakashika majembe na ndoo wakaanza upya.

Mjomba alinikumbatia hapo hapo, sote wawili matope matupu. Akaninong'oneza, asante mama. Alikuwa ananikaba, na alinuka jasho na udongo, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu mwingine.

"Mimi ni Violeth," nikamwambia. "Bibi amekusamehe. Mimi bado."

 Sikuona uso wake, maana bado alikuwa amenishika.

"Najua," alisema.

Kisha akavua shati lake akanivalisha juu ya gauni lililoloa, kwa sababu nilikuwa natetemeka, na nikamwita Fidel aje upande wangu. Kaburi lilipokuwa tayari tena, tukasogea pembeni sote watatu ili Bibi apite.